Je, Wajua? Mbwa, Tumbo Lake na Koo Lake

Je, wajua kwamba mfuko wa chakula wa mbwa unaweza kujigeuza wenyewe ndani ya tumbo, nyuzi 180, nyuzi 270, hata 360 kamili? Hajapigwa, hajaanguka, hajagongwa na gari. Amekula, amejilaza kivulini, na mfuko umeshajisokota huku na huku: gesi haipandi mdomoni wala haishuki utumboni.

Mizunguko mingi hufuata mwendo wa mshale wa saa. Usicheke! Daktari wa mifugo akishamlaza mbwa chali na kumpasua, anajua karibu kwa hakika aurudishe mfuko upande gani.

Na mfuko hausafiri peke yake. Wengu umeshikamana nao, kwa hiyo mfuko ukizunguka, wengu nao unaburutwa, unajaa damu na kuvimba kupita ukubwa wake wa kawaida.

Sasa shika hapa. Ugonjwa uko tumboni, lakini unaua kupitia moyo. Mfuko uliofura hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka nusu ya nyuma ya mwili. Moyo unapiga kwa nguvu zake zote, ila damu ya kusukuma haijafika.

Ni mbwa wangapi hupona bila matibabu mfuko ukishajisokota? Usitegemee hata mmoja. Wakiwahi kupasuliwa, je? 7 hadi 9 kati ya 10 hurudi nyumbani wakitikisa mkia!

Tofauti hiyo yote imo kwenye saa ya ukutani. Watafiti walikuta kwamba mbwa aliyefikishwa hospitali zaidi ya saa 6 tangu dalili kuanza ana hatari kubwa zaidi ya kufa, na ya kukatwa kipande cha mfuko kilichokwisha kuoza. Saa 6, ndugu yangu. Hiyo ni safari ya basi moja tu, nusu yake uko kwenye foleni.

Je, wajua kwamba tone la damu linaweza kumwambia daktari kama mbwa atapona? Viungo vikikosa oksijeni, damu hujaa kitu kinachoitwa lakteti. Katika utafiti mmoja wa mwaka 1999, mbwa waliokuwa na chini ya milimoli 6 kwa lita walipona 99 kati ya 100; waliovuka hapo walipona 58 tu.

Na usishangilie mapema. Karibu mbwa 4 kati ya 10 wenye ugonjwa huu mapigo ya moyo wao hupoteza mpangilio, wengine saa 12 hadi 36 baada ya mambo kuonekana yamekwisha. Ndiyo maana daktari mzuri hakupi mbwa wako jioni ile ile, hata umlilie vipi.

Haya, nani anaongoza kwa kupatwa? Great Dane! Makadirio ya Marekani yanasema karibu 4 kati ya 10 hukutana na balaa hili katika maisha yao. Nyuma yake wanafuata Weimaraner, Saint Bernard, Gordon Setter na Irish Setter, na German Shepherd, mlinzi wa mageti mengi ya Nairobi na Dar es Salaam, naye yumo kwenye orodha.

Siri iko kwenye kifua. Mbwa mwenye kifua kilichoshuka sana kwenda chini, halafu chembamba kwa upana, ana nafasi kubwa ya mfuko kuning'inia na kuyumba. Basset Hound ana miguu mifupi mpaka masikio yanafagia sakafu, lakini kifua chake ni kile kile, na ugonjwa haumruki.

Paka naye? Hutokea, mara chache sana. Hata simbilisi, wale wadogo wa kufugwa vizimbani, wamekutwa mifuko yao imejisokota.

Je, wajua kwamba woga unaweza kuchangia? Katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, Marekani, Lawrence Glickman na wenzake waliandika mpaka tabia za mbwa. Waoga na wenye wasiwasi walipatwa zaidi. Mbwa ambao wenyewe waliwaita wachangamfu walipatwa kidogo. Mchezeshe basi mbwa wako, unangoja nini?

Kundi hilo hilo liliwafuatilia mbwa zaidi ya 1,600 wa aina 11 kubwa, na hapo ndipo lilipotoka jambo la kuwashtua wengi. Kwa miaka watu walishauriwa kuinua bakuli la chakula juu ya kigoda ili mbwa asivimbe tumbo. Matokeo yalitoka kinyume: kwa mbwa wakubwa, 20 kati ya kila visa 100 vilihusishwa na bakuli lililoinuliwa, na kwa mbwa majitu, 52! Wataalamu bado wanavutana kuhusu jambo hili, lakini mimi ningemwekea chakula chini, kama babu yake alivyokula.

Mzazi au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuugua? Hatari inapanda kwa asilimia 63. Ukienda kununua mtoto wa mbwa mkubwa, usiulize rangi tu. Uliza mama yake alikufa na nini.

Anayekula mbio, hatari juu. Anayepewa mlo mmoja mkubwa kwa siku, hatari juu. Uzee, hatari juu. Gawa chakula mara mbili au tatu, na jiwe kubwa safi lisilomezeka likiwekwa katikati ya bakuli litamlazimisha alizunguke na kula polepole. Bei yake? Sifuri.

Sasa dalili, na hapa nisikilize kwa masikio yote mawili. Anajaribu kutapika na hatapiki! Anajikunyata, anafungua kinywa, tumbo linajikaza, anakoroma, na kinachotoka ni udenda mweupe au hakuna kabisa. Ukiona hivyo kwa mbwa mkubwa, mazungumzo yameisha, tafuta gari.

Wengi husubiri tumbo livimbe kwanza. Kosa! Mbwa mwenye kifua kirefu anaweza kuuficha mfuko uliofura nyuma ya mbavu, ukamtazama ubavuni usione kitu. Anahangaika tu, anakaa, anasimama, anageuka kuliangalia tumbo lake, kisha anainamisha miguu ya mbele huku kiuno kiko juu.

Likivimba sasa, gonga taratibu kwa kidole nyuma ya mbavu za mwisho. Linalia kama ngoma! Daktari akisikia mlio huo, anaanza kutafuta sindano kabla hujamaliza kusimulia.

Je, wajua kwamba Popeye, yule baharia wa katuni mwenye mikono minene, anaishi kwenye vyumba vya eksirei? Mbwa akilazwa ubavu wa kulia na kupigwa picha, mfuko uliojisokota hutokea ukiwa na mapovu mawili yaliyogawanywa na mkunjo. Madaktari wa mifugo huuita mkono wa Popeye, na wakiuona hawahitaji picha ya pili.

Mrija nao ni mdanganyifu. Daktari hupima kutoka puani mpaka ubavu wa mwisho, kisha anaupitisha mdomoni kutoa gesi. Ukipita, utadhani mfuko haujajisokota, wapi! Mara nyingine unapita vizuri na mfuko bado umepinda.

Wafugaji wa ng'ombe mnaosoma hapa, najua mnachofikiria. Ng'ombe akifura kupita kiasi, mtaalamu humtoboa ubavu wa kushoto kwa trokaa, gesi inafyatuka, ng'ombe anapumua. Kwa mbwa usithubutu! Wengu umeshahama mahali pake, na kisu chako kinaweza kuukuta pale usipoutarajia. Daktari anatoboa kwa sindano, tena pale tu mlio unaposikika zaidi.

Basi wewe kazi yako ni ipi? Kubeba na kupiga simu. Si maziwa, si mafuta ya kula, si soda, si dawa ya gesi ya binadamu, wala si kumzungusha uwanjani ashushe. Kumtapisha ndiyo usijaribu kabisa: mlango wa kutokea umesokotwa.

Great Dane dume anavuka kilo 54 kwa urahisi, wengine wanagusa 79. Tandika blanketi, mvutie juu yake, shikeni pembe nne. Usimlalie tumboni, na piga simu mkiwa njiani ili mkute chumba cha upasuaji kiko tayari.

Ufizi ni kipimo cha bure. Ubonyeze kwa kidole gumba mpaka uwe mweupe, achia, hesabu: rangi ya waridi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2. Ukichelewa kurudi, au ufizi ukiwa umepauka au umeiva wekundu wa tofali, damu haizunguki ipasavyo.

Ila Chow Chow atakuchanganya! Ulimi wake ni wa bluu iliyokolea, karibu na weusi, tangu akiwa mdogo, na ufizi wake nao una weusi. Kwa mbwa wa namna hiyo vuta kope ya chini ya jicho uangalie ndani.

Je, wajua kwamba jeshi la Marekani huwashona mbwa wake mifuko ya chakula kabla hawajaugua? Mfuko unashikizwa kwenye ukuta wa tumbo, upande wa kulia, usiweze tena kuzunguka. Gesi inaweza kujaa bado, lakini kuzunguka ndiyo basi tena.

Kazi hiyo ndogo ya sindano na uzi ina takwimu za kutoa macho. Mbwa aliyefunguliwa msokoto bila kushikizwa mfuko, zaidi ya nusu ya wenzake ugonjwa huwarudia. Aliyeshikizwa, chini ya 10 kati ya 100. Na kwa Great Dane aliyeshikizwa mapema akiwa mzima, hesabu moja ya mwaka 2003 ilionyesha hatari ya kufa kwa ugonjwa huu ikishuka karibu mara 30!

Yule Labrador mtundu wa kitabu cha John Grogan cha mwaka 2005, Marley, ambaye mwaka 2008 alifika mpaka sinema? Huu ndio ugonjwa uliomwangusha. Ulimpata, akanusurika, ukamrudia.

Je, wajua kwamba unga wa maandazi unaweza kumlewesha mbwa? Akimeza donge bichi lenye hamira, hamira inakuta joto la nyuzi 38 na kitu ndani ya mfuko, inafurahi, inaumua. Donge linavimba tumboni, linatoa gesi, na linatengeneza pombe! Mbwa anayumba kwa ulevi huku tumbo limejaa. Funika beseni lako, tena uweke kitu kizito juu.

Na si kila tumbo lililojaa limejaa gesi. Mwaka 2014, huko Portland, Oregon, madaktari walimpasua Great Dane wa miaka 3 aliyekuwa akitapika siku nzima. Wakatoa soksi 43 na nusu! Alipona. Hiyo nusu ndiyo inayoninyima usingizi.

Haya, tutoke tumboni tupande kooni, na hapa kanuni inageuka. Kwenye tumbo lililojisokota mikono yako ni ya kubeba tu. Mbwa akisakamwa, mikono yako ndiyo hospitali, maana ubongo usiopata hewa huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 5, na hakuna bodaboda ya kukufikisha kwa daktari kwa muda huo.

Kwa nini mbwa husakamwa hovyo? Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi yako, lakini taya lake haliendi kushoto na kulia. Hasagi chakula! Anakata, anavunja, anameza, na mengine yatajulikana mbele.

Kwenye umio wake, mifupa iliyokwama ina vituo vyake: penye mlango wa kifua, juu ya moyo, na kabla tu ya kiwambo. Mbwa wa namna hiyo hupumua vizuri, ila anadondosha mate na kukirudisha chakula. Huyo si wa kumkaba tumbo, ni wa kumpeleka kwa daktari. Mfupa uliopikwa ndio mbaya zaidi, kwa sababu moto huukausha ukapasuka vipande vyenye ncha.

Anakohoa kwa nguvu? Mwache akohoe! Kikohozi chenye sauti maana yake hewa bado inapita, na hakuna mkono wa binadamu unaozidi kikohozi cha mbwa mwenyewe. Ingilia pale sauti inapokatika, anajikuna mdomo kwa miguu ya mbele, na ulimi unageuka bluu.

Fungua kinywa, tazama. Unakiona kitu? Kitoe. Hukioni? Usichovye kidole gizani, utakisukuma ndani zaidi.

Tena kuna mtego mmoja mle. Penye shina la ulimi wa kila mbwa kuna vifupa vidogo vinavyoushikilia ulimi na koo. Watu wenye nia njema huvigusa, hudhani ni mfupa wa kuku umekwama, na huvuta! Mbwa anatoka na jeraha, mfupa wa kuku haujawahi kuwepo.

Mbwa mdogo: mbebe, mgongo wake kifuani kwako, kichwa kikielekea chini, kisha sukuma kwa haraka nyuma kidogo ya mbavu kuelekea kifuani kwake. Mbwa mkubwa: simama nyuma yake, mzungushe mikono, ngumi iwe pale laini nyuma ya mbavu, vuta ndani na juu mara 5. Haijatoka? Mnyanyue miguu ya nyuma awe kichwa chini, umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Angalia kinywani, rudia.

Mpira ni adui wa pekee. Umeloa mate, umejaa koo lote, vidole vinateleza. Basi usiuvute kwa ndani, usukume kwa nje: mlaze chali, weka vidole gumba viwili chini ya taya, nyuma ya mpira, na uusukume kuelekea mdomoni. Unafyatuka!

Mpira wenye tundu moja tu ndiyo usinunue kabisa. Mbwa akiutafuna hewa inatoka, mpira unanyonya, na ulimi unaweza kuvutwa ndani ya tundu ukavimba humo humo. Tundu la pili, upande wa pili, linaingiza hewa na kuvunja mnyonyo. Na mpira uwe mkubwa usioweza kufika nyuma ya meno yake.

Umefanikiwa, anapumua, anakulamba? Bado mpeleke kwa daktari. Koo lililozibwa kwa nguvu huweza kusababisha maji kujaa mapafuni saa kadhaa baadaye, wakati umeshakaa kunywa chai.

Je, wajua kwamba mbinu unayotumia kwa mbwa aliyesakamwa ilianza kwa mbwa kabla haijafika kwa watu? Daktari Henry Heimlich wa Cincinnati, Marekani, aliwapa mbwa wa aina ya beagle dawa ya usingizi, akaziba njia ya hewa kwa mrija, kisha akabonyeza chini ya mbavu. Mrija ukaruka nje! Mwaka 1974 akaitangaza mbinu hiyo kwa ajili ya binadamu.

Mwezi Mei 2016, akiwa na miaka 96, Heimlich aliitumia kwa mikono yake mwenyewe. Mama wa miaka 87 alikuwa amesakamwa na kipande cha nyama mezani kwenye makao ya wazee walikoishi wote wawili. Kikatoka. Fikiria kusakamwa ukiwa umekaa meza moja na yeye!

Mbwa nao walilipiza wema. Mwaka 2007, jimboni Maryland, mama mmoja alisakamwa na kipande cha tofaa, na mbwa wake Toby, golden retriever wa miaka 2, akamrukia kifuani tena na tena mpaka kikatoka. Hakuna aliyemfundisha.

Na kubonyeza kifua je, ule ufufuaji wa moyo uliosimama? Huo nao ulitoka kwa mbwa! Mwaka 1958 huko Baltimore, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Guy Knickerbocker alikandamiza vibao vya umeme kifuani mwa mbwa na kuona shinikizo la damu limepanda kabla umeme haujapigwa. Mwaka 1960 yeye na wenzake, Kouwenhoven na Jude, wakaandika, na dunia ikaanza kubonyeza vifua.

Kabla yao, mwaka 1667, Robert Hooke alisimama mbele ya wanasayansi wa London na kumpulizia mbwa hewa kwa mivukuto, ile ya kuchochea moto, moyo ukaendelea kupiga mapafu yakiwa yanafanyiwa kazi na mkono wa mtu. Jaribio la kikatili. Lakini tangu siku hiyo watu walijua kwamba kinachotafutwa kwenye pumzi ni hewa, si kule kutanuka kwa kifua.

Leo madaktari wa mifugo wana mwongozo wao kamili wa kufufua, ulitoka mwaka 2012 na kupitiwa upya mwaka 2024. Mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi hadi nusu ya upana wa kifua, mbwa akiwa amelala ubavu. Ukiwa peke yako, bonyeza 30, puliza 2, badilishaneni kila dakika 2 akitokea wa kukusaidia.

Pumzi inapita wapi? Puani! Funga mdomo wake kwa mikono, puliza puani mpaka uone kifua kimenyanyuka. Kama humjui mbwa huyo wala chanjo zake, acha kupuliza, bonyeza tu.

Umbo la kifua linaamua mkono ukae wapi. Mbwa wa kawaida mkubwa, pale kifua kilipo kipana zaidi. Mwenye kifua chembamba kilichochongoka, mfano Greyhound, juu ya moyo kabisa. Bulldog mwenye kifua cha duara, mgeuze chali. Na nikuambie ukweli: hata hospitalini, wanaopona wakaenda nyumbani hawafiki 6 kati ya 100, ilhali binadamu hospitalini ni karibu 20. Ndiyo maana kitu kilichokwama kinatakiwa kitoke kabla moyo haujasimama.

Sasa kaa vizuri, hili ni la Afrika Mashariki hasa. Mbwa kinywa kimelegea, udenda unamtoka, hamezi, sauti imebadilika. Kila mtu anasema mfupa umemkwama. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa! Watu wamewahi kupeleka mkono kinywani kutafuta mfupa ambao haupo, mate yakaingia kwenye mchubuko mdogo.

Kichaa cha mbwa huua watu takriban 59,000 duniani kila mwaka, na visa 99 kati ya 100 vya binadamu hutoka kwa mbwa. Mate yamekuingia? Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa chanjo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na sehemu nyingi huchanja mbwa bure.

Turudi kwenye furaha kidogo. Je, wajua kwamba mbwa hupiga chafya kwa kurudi nyuma? Anasimama, ananyoosha shingo, anatoa viwiko nje, anavuta hewa puani kwa mikoromo ya kutisha, familia nzima inapiga kelele kwamba anakufa. Baada ya dakika moja hivi anatikisa kichwa na kuomba biskuti! Mpapase koo taratibu, itapita.

Kikohozi cha mbwa kinachoambukiza nacho kinadanganya vilevile. Anakohoa kikavu, anamalizia na kama anataka kutema, na mwenyewe anaapa kuna mfupa. Hakuna mfupa, kuna mbwa mwingine aliyemwambukiza wiki hiyo.

Mbwa wako yuko karibu? Mwite. Weka vidole viwili ndani ya paja la nyuma, juu kabisa karibu na kinena, ukisikia mdundo hesabu kwa sekunde 15 kisha zidisha mara 4. Mkubwa aliyetulia hupiga 60 hadi 100 kwa dakika, mdogo 100 hadi 140. Na usishtuke ukisikia mapigo yanakimbia akivuta pumzi na kulegea akiitoa: kwa mbwa mzima aliyepumzika, ndivyo yanavyotakiwa. Haya, umepata ngapi?